Kupiga Maji na Kuvuta

Kwenye foleni ya sukari, duka la ushirika Kariakoo, mama aliyekuwa mbele yangu alimdaka mwanawe aliyefika akihema.

“Leo kwenye mtihani, ulipiga maji tena?”

“Hapana, mama. Nilivuta tu.”

“Alhamdulillahi!”

Nikashtuka. Kaacha pombe, kashika bangi, na mama anamshukuru Mungu! Nikakohoa, tayari kutoa mawaidha.

Kijana akanyoosha mkono juu ya vikapu vyetu, akaurudisha taratibu hadi nyongani. “Niliyavuta hivi. Wenzangu waliyapiga kwa pupa, wakachoka njiani. Kazi ya kivukoni nimepata, mama!”

Kumbe mtihani ulikuwa wa kuogelea. Mungu anisamehe, nilikwisha kumhukumu. Nikaitikia “Alhamdulillahi” kwa sauti kubwa kumpita mama yake.