Herufi Moja Kwenye Jina la Diski

Ekambaram hakuwa mtu wa kupendeka, wala hakuona sababu ya kupendwa. Mtaa wa Saligramam, jijini Chennai, ambako vyumba vya kurekodia muziki wa filamu ni vingi kuliko maduka ya mchele, ulimjua kwa mambo mawili: ufundi wa kinanda na ulimi wa pilipili. Watunzi walimvumilia kwa sababu ya lile la kwanza. Wapiga ngoma, waimbaji wa kiitikio na muuza chai walilipata la pili bila kuliomba.

Kazi yake ilikuwa kupanga sauti. Mtunzi akitaka fidla za kumliza bibi harusi, au ngoma za msibani, au kengele ya hekalu la kijijini, Ekambaram alibonyeza kinanda na sauti ikatoka kwenye kompyuta utadhani wapigaji wamejipanga nyuma ya mlango. Lakini sauti za namna hiyo ni nzito. Fidla peke yake zingeishindilia kompyuta mpaka ikakosa pumzi. Kwa hiyo programu na kazi za siku aliziacha ndani ya kompyuta, na sauti zote akazihamishia kwenye diski ya pembeni, kisanduku cheusi cha kutosha kiganjani. Humo kila ala ilikuwa na folda yake, na diski yenyewe aliipa jina lake, EKAMBARAM, kama mtu anavyompiga chapa ng'ombe wake.

Mafundi wenzake walikuwa na diski mbili mbili, moja ya kazi na moja ya nakala iliyofungiwa kabatini, maana diski hufa bila kuaga. Ekambaram alikuwa na moja tu. Nakala, alisema, ni mwizi uliyemkaribisha chai mwenyewe.

Na ndani ya hiyo moja ilikuwamo zumari ya baba yake. Mzee Thangavelu aliipuliza hekaluni, karibu na mji wa Kumbakonam, maisha yake yote. Mapafu yalipoanza kumgomea, wanawe wawili walimleta Chennai wakamrekodi, noti moja baada ya nyingine, kwa nguvu na kwa upole. Ekambaram alikaa kwenye kompyuta. Mdogo wake, Vetrivel, alimshika mzee mabega asiyumbe. Baada ya pale mzee hakupuliza tena, na mwaka haukuisha akafa. Mpulizo ule haukuwapo mahali pengine popote duniani.

Vetrivel, aliyepiga kinanda kwenye harusi na kutengeneza vipaza sauti vibovu, aliomba nakala. Aliomba kwa adabu, kisha akaomba kwa hasira. Ekambaram akamjibu kwamba sauti za baba zikitoka humo, kesho zitakuwa barabarani zinauza sabuni. Tangu hapo ndugu hao walionana mara moja kwa mwaka, sikukuu ya kuziombea zana, kwa sababu zumari yenyewe ya marehemu ilikuwa nyumbani kwa mkubwa, na Vetrivel hakukubali iombewe yeye hayupo.

Mwaka huo kazi zilipungua. Vijana walianza kupanga sauti vyumbani mwao, na simu ya Ekambaram ikanyamaza. Mtu mwingine angejiuliza kama si ule ulimi. Nyani haoni kundule. Ekambaram alikwenda kwa mpiga hesabu za majina, yule yule anayewageuzia waigizaji majina filamu zao zikianguka. Bwana yule akajumlisha, akatoa, akakunja uso, akasema jina lina njaa ya herufi moja, aongezewe A. Ekambaram akaiongeza kwenye kibao cha mlangoni. Akaiongeza kwenye kadi zake. Jioni ya kuamkia sikukuu, kwa kuwa baraka haitaki ubahili, akaiongeza na kwenye jina la diski: EKAMBARAAM. Kisha akaichomoa, akaipaka liwa, akaitia nukta ya unga mwekundu, akaiweka mbele ya picha ya Saraswati, mungu wa kike wa muziki na elimu, ubavuni mwa zumari.

Siku ya sikukuu hakuna anayegusa zana yake. Mkasi wa kinyozi ulilala, mabasi yalivaa maua yakakaa. Vetrivel alikuja na bisi za mchele na sukari guru, akala dengu alizopewa na shemeji yake Amudha, akaingia peke yake katika chumba cha kazi kuinamia zumari. Alikawia humo. Ekambaram, sebuleni, hakuona tena ladha ya chakula.

Kesho yake asubuhi ndiyo saa njema ya kuzishika zana upya. Ekambaram akachomeka diski, akafungua kazi ya filamu yenye tukio la hekaluni. Programu ikatafuta, ikatafuta, ikamjibu kwamba sauti hazikuonekana. Fidla hakuna. Ngoma hakuna. Zumari hakuna. Mtu mwenye kichwa kilichotulia angeifungua diski yenyewe atazame ndani. Ekambaram alifungua geti, matusi yakimtangulia.

Alimkuta Vetrivel nyumbani kwake Vadapalani, amekaa chini na wakwe zake mbele ya majani ya mgomba, wanakula. Hakuvua viatu. Kwa watu wa kule, kumwingilia mtu na viatu kwenye chakula cha kumalizia sikukuu ni sawa na kumtemea sahanini. Akamwambia arudishe sauti za baba.

"Sauti gani, kaka?" Vetrivel aliuliza, tonge mkononi.

"Za kwenye diski. Ulikaa nayo peke yako. Ulikuwa unasali, au ulikuwa unafuta?"

Baba mkwe akaacha kutafuna. Vetrivel akauliza kama ameifungua diski akaangalia, na kama kuna kitu alichokibadilisha. Lilikuwa swali la fundi, na lilikuwa na jibu. Lakini Ekambaram alisikia dharau tu.

"Wewe mbandika nyaya, unifundishe mimi kazi? Sikiliza. Sikukuu ya zana ikija tena, usitie mguu kwangu. Baba alikuwa na mtoto mmoja."

Vetrivel alirudisha tonge kwenye jani. Ekambaram akalihesabu hilo kuwa ni kukiri. Akarudi nyumbani ameridhika, maana kwa watu wa aina yake kumpata mwenye kosa ni nusu ya kukipata kilichopotea.

Amudha alikuwa anakwangua liwa iliyokauka kwenye meza ya sala. Akamsikiliza mumewe mpaka mwisho, na jinsi alivyosema, na mbele ya nani.

"Na ile herufi?" akauliza.

"Herufi gani?"

"Uliyoiongeza juzi kwenye jina la diski. Wewe umekwenda kwa mpiga hesabu. Kompyuta haikwenda. Inamtafuta Ekambaram wa zamani."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungenisikia kwa kelele zile?"

Ekambaram akaenda kwenye kompyuta. Akaifuta ile A, akafungua kazi upya, na sauti zikarudi zote kama mbuzi wanaolijua zizi lao. Akabonyeza noti ya chini kabisa ya zumari. Kabla ya kila noti kuna pumzi ya mzee anayejivuta, na ndugu hao wawili waliiacha makusudi. Ndani ya pumzi hiyo kuna sauti nyingine, ndogo, ambayo hawakuweza kuikata bila kumkata mzee. Ni Vetrivel anasema, "Taratibu, baba, nimekushika." Ekambaram alikuwa akiisikia kwa miaka na kuiona uchafu. Safari hii ilimchoma, na akaona haya, jambo asilolizoea, hata hakujua mikono aiweke wapi.

Alinunua diski ya pili. Akanakili kila kitu, akaipa jina VETRIVEL, akaipeleka Vadapalani mkononi, viatu amevivua tangu nje ya geti. Njia nzima alilifanyia mazoezi neno la kuomba radhi. Alipofika akanyoosha kile kisanduku tu, kati ya vyuma vya geti.

Vetrivel alikitazama bila kukigusa. Hakumwita kaka.

"Bwana Ekambaraaam," akasema, na ile herufi akaivuta mpaka majirani wakageuka. "Umepotea nyumba. Mzee Thangavelu alikuwa na mtoto mmoja. Mpelekee huyo."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Ekambaram alisimama pale peku, lami inamuunguza nyayo, mpaka mwanamke wa nyumba ya pili akamuuliza anamtafuta nani.

Mwaka uliofuata diski zilikuwa mbili mbele ya Saraswati, zote zimepakwa liwa, zote zina nukta nyekundu. Amudha aliandaa dengu za watu watatu. Wakala wawili, na bisi za mchele ilibidi Ekambaram akazinunue mwenyewe.