Ile Alama A ya Kaka Yangu

Nilipochaguliwa kusoma shahada ya uchumi wa kilimo, chuo kilitutaka tuchague kozi moja ya hisabati kati ya mbili: kalkulasi, au hesabu za biashara. Kwenye kundi letu la WhatsApp wanafunzi wapya walishakubaliana: hesabu za biashara, hakuna anayefeli. Nami nilikuwa upande huo, mpaka kaka yangu, mtoto wa baba mkubwa, aliponipigia simu kutoka Lituhi kunisisitizia nichukue kalkulasi.

Sikumwamini. Yeye alisoma shahada hiyohiyo, chuo hichohicho, akarudi nyumbani mwaka wa pili akisema anaumwa. Nyumbani Mpepai hakuna aliyewahi kuona dawa wala cheti cha hospitali. Mtu aliyeshindwa ananichagulia njia ngumu, nikajiuliza, anataka nini? Nilihisi hataki mimi nimalize alichokiacha yeye.

Zikiwa zimebaki siku nne dirisha la usajili lifungwe, nilipanda basi kwenda Lituhi. Nilimkuta anaanika usipa, vidagaa vya ziwani, kwenye chanja. Nikamwamkia shikamoo, tukaulizana habari za wazazi na za shamba la kahawa, kisha nikamwomba anionyeshe matokeo yake ya chuo. Akanitazama kidogo, akaingia ndani, akatoka na bahasha ya plastiki.

Hesabu za biashara: A.

Kumbe yeye alipita kwenye ile nyepesi, na bado ananizuia mimi.

"Kaka, mbona wewe hukuchukua kalkulasi?"

Alinawa mikono kwanza. "Hiyo A ndiyo iliyonirudisha nyumbani, mdogo wangu."

Akanieleza kwamba masomo ya uchumi ya mwaka wa pili yanamtaka mtu awe amefaulu kalkulasi. Yeye hakujua. Alipoambiwa arudi kuisoma na wa mwaka wa kwanza, aliona aibu, akafunga begi. Ugonjwa aliutunga ndani ya basi.

Aliongea bila kuniangalia, na hilo nalo nikalitilia shaka. Mtu aliyeweza kuwadanganya wazazi wake miaka yote hiyo angeshindwa nini kunidanganya mimi?

Kwa hiyo, nilipofika Mbinga mjini nikirudi nyumbani, nilipitia kwenye steshenari na kumwomba dada wa pale anifungulie mwongozo wa chuo. Tulisoma ukurasa kwa ukurasa. Mstari ulikuwepo, chini ya jedwali, kwa maandishi madogo: atakayechagua hesabu za biashara hataruhusiwa kusoma uchumi wa mwaka wa pili mpaka afaulu kalkulasi. Nikamwomba ausome kwa sauti, nisije nikawa naona ninachokiogopa. Akausoma. Nikasajili kalkulasi palepale.

Jaribio la kwanza nilipata alama kumi na moja kwa mia. Nililia chooni, nikamlaani kaka. Muhula ulipoisha nilikuwa na C, na sijawahi kupata C iliyonigharimu usingizi kama ile. Mwaka wa pili wenzangu kadhaa wa lile kundi waliitwa ofisini, wakaambiwa warudi kusoma kalkulasi na wa mwaka wa kwanza.

Nilimpigia kaka kumshukuru. Nikakiri pia kwamba nilikwenda kuyahakiki maneno yake.

"Ulifanya vizuri," akasema. Kisha akaniuliza kama nimewaambia wazazi wake kwamba ule ugonjwa aliutunga. Nikamjibu hapana. Akaniuliza tena swali lilelile, nami nikajua haniamini.