Mawe ya Mkuyuni kwa Mkono wa Kushoto

Mwaka niliopata kiharusi, mkono wangu wa kulia uligoma. Nilikuwa fundi cherehani Mkuyuni, na ghafla nikawa mtu wa kushinda barazani nikitazama mawe ya kilimani na ziwa kwa mbali. Mke wangu alienda sokoni kila asubuhi, nami nikabaki na redio.

Mdogo wake, mwalimu wa shule ya msingi, alikuja likizo kukaa nasi. Alipenda kuchora kwa rangi za maji. Asubuhi moja akaniwekea karatasi na brashi. Nikamwambia kwamba kwa mkono wa kushoto hata jina langu siwezi kuliandika, sembuse kuchora mlima.

"Shemeji, usichore mlima," akasema. "Chora duara."

Nikachora. Likatoka kama kiazi. Akasema ni sawa tu, mawe yetu ndivyo yalivyo. Akaniagiza niongeze jingine juu yake, halafu mistatili ya nyumba na pembetatu za mapaa. Madirisha, majani na watu akanikataza kabisa. Ziwa liwe mstari mmoja ulionyooka, na rangi chini yake.

Nikalipaka buluu. Hakunikosoa, aliniuliza tu naliona lina rangi gani. Nikatazama vizuri. Karibu na ufukwe lilikuwa kijani, na kuelekea Kamanga, ng'ambo ya pili, kijivu. Hata mapaa, kumbe yaliyo kivulini yalikuwa na uzambarau. Miezi yote ile sikuwa nimeyaona.

Niliharibu karatasi nyingi. Siku moja mkono ulichoka, rangi zikaingiliana, nikaisukuma meza kwa hasira. Shemeji aliokota brashi, akaiosha, akairudisha mezani. Kesho yake nikaishika tena.

Likizo ilipoisha, aliniachia rangi zake. Kisha mama yangu akaja kutoka Usagara kunijulia hali. Baada ya shikamoo nikampa karatasi moja niliyochora, bila maelezo. Aliishika mbali na macho, akaigeuza huku na huku, nami nikaanza kujuta. Halafu akaweka kidole kwenye mstatili mdogo wa njano.

"Hapa si kwako?"

"Ndipo, mama."

Akaomba aondoke nayo. Nikampa, nikavuta karatasi nyingine. Safari hii nilitaka kujaribu upande wa barabarani, kwenye miti.