Bosi wa Kiti cha Nyuma

Kilianza kikohozi. Kikavu, cha mtu mzima anayetaka ujue kwamba yupo. Kilitoka kiti cha nyuma cha gari langu, saa nne asubuhi, jua likiwaka juu ya pamba iliyopasuka, nami nilikuwa peke yangu nikielekea Migato kumchukua mdogo wangu Kabula. Siku hiyo alikuwa bibi harusi.

Wewe cheka tu. Bariadi nzima imeshacheka. Lakini sikuwa nimekunywa kitu, na haya yalinitokea mimi.

Kwanza ulijue gari lenyewe. Majesta nyeusi, injini ya silinda nane inayonong'ona, shokapu za upepo zinazolinyanyua na kulishusha kama kifua cha mtu aliyelala. Nyuma kuna kitufe cha kupandisha pazia la kioo, na kingine cha kusukuma mbele kiti cha abiria wa mbele ili bosi anyooshe miguu. Magari haya walishaacha kuyatengeneza. Siku hizi kila mtu anataka gari la kupanda kwa kujivuta. Nililinunua Binza, kwa familia ya marehemu mmoja aliyekuwa mnunuzi wa pamba. Mafundi walinionya kuhusu zile shokapu. Kuhusu marehemu hakuna aliyenionya.

Baada ya kikohozi ikaja salamu ya asubuhi ya kwetu. "Mwangaluka."

"Mwangaluka, baba," nikajibu.

Ungefanyaje? Kwetu mtu mzima akikusalimu unaitikia kwanza, unatazama baadaye. Nikatazama kioo: mzee wa kaunda suti ya kijivu, kofia juu ya goti. Nikageuka: kiti kitupu. Kwenye kioo, bado yupo.

"Umeniitikia," akasema. "Basi twende. Na taratibu, hii siyo trekta."

Niamini, hofu ilidumu dakika tano tu. Iliyobaki ni karaha. Mzee hakunyamaza! Kwa nini ngozi ya viti ina vumbi? Nani ameweka redio ya kichina? Ninajua kweli kwamba gari hii ilitengenezewa mtu wa nyuma, na wa mbele ni wa kushika usukani tu?

Migato mashangazi walishatangulia na kosta. Kabula akaingia nyuma, gauni likajaza kiti hadi magotini kwa mzee.

"Kaka, baridi gani hii? Zima kiyoyozi."

"Hakijawashwa."

"Na unaongea na nani?"

"Na gari."

"Mwaka huu na wewe uoe."

Tulicheka, na kicheko kile kilikuwa na thamani. Baba yetu alishafariki, na mimi ndiye niliyekuwa nimemkataa shemeji mara mbili mbele ya ukoo mzima. Juzi yake tu ndiyo tulipatana. Nikamwahidi Kabula kwamba nitamshika mkono mpaka altareni, watu wote waone nimeridhika. Padre naye alishasema: saa saba anaondoka kwenda kigango kingine, asiyefika atasubiri arudi.

Sasa jaribu kuwahi na mzee yule! Nikifika kasi ya sitini anafyonza, na gari linashusha pumzi, fsss, linakaa chini kama ng'ombe aliyegoma. Tusubiri lijae tena. Mara tatu! Mara tatu, na Kabula anatazama saa, na mzee ananisimulia jinsi dereva wake wa zamani alivyokuwa na adabu.

Tulifika padre amesimama mlangoni na begi lake begani. Kabula akashuka. Nikavuta kitasa cha mlango wangu. Umejifunga.

"Dereva habanduki bosi akiwa ndani," akasema mzee.

"Mimi siyo dereva wako!"

"Uliitikia."

Nikapiga kioo, nikapiga honi isiyolia, nikapiga kelele mpaka koo likachubuka. Lakini vioo vya gari lile ni vizito, vilitengenezwa ili makelele ya dunia yasimfikie bosi, na ya ndani hayatoki pia. Kwa nje alionekana kaka amekaa kwenye usukani, uso umefura, hataki kushuka.

Ndivyo Kabula anavyoamini hadi leo, maana kitasa kilikubali ndoa ikiwa imeshafungwa. Hunisalimia kupitia mume wake. Gari nimelifunika turubai, halipati mteja, na asubuhi nyingine linakohoa nikipiga mswaki. Siitikii. Nawe ukinunua gari la mtu mkubwa aliyekufa, nenda kwanza kwa familia yake uulize kama alishashuka. Na ukisalimiwa kutoka nyuma, uma ulimi, hata kama mama yako alikufundisha adabu.

Nikifumba macho namwona Kabula kwenye ngazi za kanisa, mkono ameunyoosha kwangu, midomo yake ikisema "Kaka", mara ya kwanza, mara ya pili. Padre akamgusa bega. Basi akakusanya gauni kwa mkono uleule, akaingia peke yake, na mlango ukafungwa nyuma yake.