Pingi Alipopiga Chafya

Mimi ni mpishi, si mtu wa hadithi, kwa hiyo msinikatize. Jina langu ni Khisa, kwetu ni Kimilili, na nimepika katika shamba la Memsabu, mama wa Kizungu, huku Ainabkoi, tangu mwaka wa thelathini na moja. Ninayetaka kumsema ni Rael Chepkorir, Mama Jeruto, yaya wa nyumba ile. Lakini kumsema Rael bila kumsema yule mbwa haiwezekani, na yule mbwa mpaka leo hajaniingia akilini.

Rael aliingia katika nyumba ile mwaka wa ishirini na mbili, mtoto wa pekee wa Memsabu, Pita, akiwa na majuma matatu. Rael mwenyewe alikuwa na binti yake Jeruto kifuani. Alimbeba Pita mgongoni kwa shuka kama anavyobebwa mtoto yeyote wa Keiyo, kabila la kwao, na Pita akaanza kusema Kikeiyo kabla ya Kiingereza. Nilipofika mimi, kijana alikuwa wa miaka tisa, anakuja jikoni kuiba maandazi, na akikamatwa anamkimbilia Rael, si mama yake. Bwana mwenyewe, baba yake, alikuwa ameshakufa. Nyumba nzima ilikuwa ya wanawake wawili na mtoto mmoja.

Kisha vita. Pita alipelekwa Burma pamoja na askari wa KAR, jeshi la Waingereza huku kwetu. Mwaka wa arubaini na nne mimi mwenyewe nilileta mfuko wa barua kutoka stesheni ya Ainabkoi, na ndani yake mlikuwa na karatasi ya serikali. Haikusema Pita amekufa. Ilisema haonekani. Sasa wewe niambie, mtu mzima mwenye futi sita haonekani vipi? Memsabu alilishika neno lile akakataa kuliachilia. Rael naye hivyo hivyo. Kila Jumamosi alitandika kitanda cha Pita upya, na alikuwa na swali moja tu maishani, analiuliza hata ng'ombe: mtoto wangu yuko hai ama hayuko? Hakuna aliyemjibu.

Vita vikaisha, wengine wakarudi, Pita hakurudi. Ndipo, mwaka wa arubaini na sita, Memsabu akaagiza mbwa.

Alikuja kwa treni ndani ya kikapu. Nilipofungua kifuniko nikaruka nyuma. Haki ya Mungu, nilidhani amepigwa teke na punda usoni! Uso wote bapa, pua imezama katikati ya macho, na macho yenyewe makubwa, yametoka nje yanakutazama mpaka unasahau ulichotaka kusema. Shingoni alikuwa na manyoya ya simba, mkia umelala mgongoni, miguu ya mbele mifupi na imepinda. Alishuka kikapuni akatembea akiyumbayumba kama mama mnene aliyejitwisha debe la maji. Na pumzi yake ilikuwa ya kukoroma, hata akiwa macho.

"Memsabu," nikasema, "huyu ni mgonjwa. Tumrudishe."

"Hapana gonjwa, Khisa. Hii Pikinizi. Hii mbwa ya mfalme, mfalme ya China."

Akanieleza habari zake zote. Ati mbwa hawa waliishi katika nyumba ya mfalme huko Peking miaka maelfu, watumishi wanawatunza, wakubwa wanawabeba ndani ya mikono ya kanzu zao. Mtu wa kawaida akikutwa na mmoja, kichwa kinakatwa. Kisha askari Waingereza wakavunja nyumba ile, wakakuta mbwa watano wamebaki na mama mmoja wa kifalme aliyekufa, wakawachukua, mmoja akapelekwa kwa Malkia wao.

"Kumbe ni mali ya wizi," nikasema. Memsabu akanitazama vibaya, nikarudi kwa sufuria zangu.

"Anawinda?" nikamuuliza siku ya pili.

"Hapana."

"Analinda ng'ombe?"

"Hapana."

"Sasa kazi yake?"

"Kazi yake kaa na mimi."

Basi Rael aliyelea mtoto wa watu akapewa kulea mbwa. Alikasirika, wacha! Jina lake mbwa lilikuwa Pingi, lakini ukimwita Pingi haji. Anageuza kichwa, anakupima, anaona huna la maana, anaendelea kulala. Alikuwa na kiburi ambacho sijaona kwa chifu yeyote. Siku moja fahali la Memsabu liliingia uani, na mbwa wakubwa wote wakajificha nyuma ya tangi la maji. Pingi akatoka, akasimama mbele ya fahali, akabweka mara moja. Fahali likaondoka. Mimi sikuelewa. Nadhani hata fahali halikuelewa.

Manyoya yake yalitaka kuchanwa kila siku, la sivyo yanasokotana. Kwa hiyo kila siku baada ya chakula cha mchana Rael alikaa kwenye ngazi ya jikoni na Pingi mapajani, anamchana na kumsemesha Kikeiyo kwa kukosa mtu wa kumsemesha.

Siku moja akaingia jikoni mbio, mbwa kwapani.

"Khisa, nimemwambia, hata Pita hakupenda kuchanwa. Nilipotaja Pita, akapiga chafya."

"Mbwa mwenye pua ya namna hiyo asipige chafya ya nini?"

"Hujui wewe. Kaa hapo."

Akanieleza. Kwao, mtoto akizaliwa, akina mama wazee huketi naye na kutaja majina ya waliokufa katika ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto ananyamaza, ananyamaza, kisha kwa jina moja anapiga chafya. Basi huyo ndiye amerudi. Aliye hai haitwi. Anayeitikia kwa chafya ni aliyekufa.

Akamweka Pingi juu ya meza yangu ya kukandia unga. Mimi nikakubali tu, sijui kwa nini. Akataja mama yake. Mbwa akakoroma. Akataja baba yake, akataja shangazi aliyekufa kwa ndui. Mbwa akalamba unga. Kisha Rael akainamisha kichwa, mkono ndani ya aproni, akamsogelea karibu kabisa na kusema, "Pita." Pingi akapiga chafya tatu.

Mimi ni mtu wa kanisa la Friends, na Rael naye ni Mkristo, anaimba kwaya. Hayo mambo sikupaswa hata kuyasikiliza. Lakini Rael alipotoka nilimkamata Pingi mimi mwenyewe, nikafunga mlango, nikamwita Pita mara kumi. Hakuna. Nikamwita marehemu baba yangu. Akanitazama kama mwizi. Nikabaki pale na mbwa mkononi, nimechanganyikiwa, nyama inaungua.

Rael alilia siku tatu. Alinyoa nywele zote, kama wanavyofanya kwao wakifiwa. Memsabu alipomwona kichwa kitupu akashtuka. "Rael! Nani nakufa?"

"Mtu wa kwetu, Memsabu."

Memsabu akamshika mikono yote miwili, akamwambia pole, pole sana. Akampa sukari na siku mbili za kupumzika. Mimi nilikuwa nimesimama pale na sinia la chai. Yule mama alikuwa anampa mwenzake pole kwa mtoto wake mwenyewe, na hajui.

Baada ya hapo Rael akatulia. Aliacha kutandika kile kitanda kila Jumamosi. Aliacha kuuliza. Yule mbwa sasa alimbeba mgongoni kwa shuka, akamwimbia, akamkatia maini laini, maini ambayo mimi nilikuwa nimeyaweka kando kwa ajili ya tumbo langu. Pingi naye, aliyekuwa haji kwa mtu, akaanza kumfuata Rael kila mahali, na Memsabu mwenyewe akimgusa Rael anamngurumia. Rael akanenepa. Alicheka. Miaka miwili karibu alikuwa mtu aliyezika na kumaliza.

Na ningenyamaza, ingekuwa hivyo hadi mwisho. Lakini yale maini! Yaliniuma. Alasiri moja nilitoka kumwaga maji machafu, nikawakuta kwenye ngazi. Rael anamchana, anasema mambo ya mvua, ya mahindi, ya Jeruto. Kisha akasema, "Pita." Na kabla ya kulisema, nikaona mkono wake unaingia aproni, unatoka na kikopo kidogo cha bati, unafungua, kidole kinaingia, kinakwenda puani. Ugoro! Mwanakwaya mzima, na kanisa lao limekataza tumbaku. Ndiyo maana alikuwa anaficha. Vumbi la ugoro likamshukia Pingi usoni, na Pingi akapiga chafya.

Nikacheka mpaka ndoo ikaanguka.

"Mama Jeruto! Mbwa haitikii mtu! Ni ugoro wako huo!"

"Ugoro gani?"

"Huo ulio mkononi. Ukisema mvua, hufungui. Ukisema Jeruto, hufungui. Ukitaka kusema Pita tu, moyo unakuwa mzito, unafungua kikopo. Mimi nikimwita mara kumi anyamaze, wewe mara moja apige chafya, hukujiuliza?"

Rael akautazama mkono wake, kana kwamba ni wa mtu mwingine. Nilingoja anitukane. Nilikuwa tayari kwa matusi, hata nilikuwa nimeandaa yangu. Badala yake uso ukamfunguka kidogo kidogo.

"Basi hajafa," akasema.

"Sikusema hivyo."

"Umesema mbwa hakuitikia. Kama hakuitikia, hajafa. Khisa! Mtoto wangu hajafa, na mimi nimemnyolea nywele!"

Sasa nifanye nini? Nilikuwa nimeshinda ubishi, na ushindi wenyewe sikujua nauweka wapi. Nikamwambia mimi sijui, serikali ndiyo inajua, hakunisikia. Siku ile ile alikitupa kile kikopo chooni, akaenda kutandika kitanda cha Pita. Alifua mapazia. Kila Ijumaa, siku ya treni ya abiria kutoka Nairobi, alitembea hadi stesheni ya Ainabkoi na Pingi mgongoni, akasimama hadi mtu wa mwisho ashuke. Ijumaa saba. Nilimwambia, "Mama Jeruto, unajichosha." Akanijibu kwa furaha kwamba nipike keki, kwa sababu Pita atakuja na njaa.

Juma la nane ni mimi tena niliyebeba mfuko wa barua. Memsabu aliisoma barua ya serikali barandani, amesimama. Ilisema wameona kaburi, msituni huko Burma, na kibati cha jina cha shingoni. Pita alikuwa hapo tangu arubaini na nne.

Aliingia ndani akamwita Rael. Nilikuwa jikoni. Nikasikia kilio kimoja, kisha cha pili, na sijui kipi kilikuwa cha nani. Jioni nilipopeleka supu niliwakuta wamekaa sakafuni wote wawili, migongo kwenye kitanda cha Pita, na Pingi katikati, amewalalia miguu, hataki mtu asogee. Niliweka supu chini nikatoka. Hakuna aliyeinywa.

Rael alikuja jikoni kesho yake. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililoniumiza.

"Nilikuwa nimeshamlilia, Khisa," akasema. "Nilikuwa nimemaliza."

Nikaendelea kukanda unga. Nililosema lilikuwa kweli, ugoro ulikuwa ugoro. Na mbwa naye alichosema kilikuwa kweli. Sasa kati yetu nani alikuwa mwongo? Nimelizungusha jambo hilo kichwani usiku na mchana, hata wakati wa maombi, na halijanyooka. Ninachojua ni kwamba nilimpa mtoto wake kwa majuma saba kisha akanyang'anywa tena, kwa ajili ya kipande cha maini.

Mwaka wa hamsini Jeruto alijifungua mtoto wa kiume, hapo hapo kwenye nyumba za wafanyakazi. Nilitumwa kupeleka maziwa ya moto. Hayo ni mambo ya akina mama, na mimi ni mwanamume tena mgeni, kwa hiyo nilisimama nje ya mlango na birika langu. Pingi alikuwa amelala kizingitini, macho yameanza kuingia ukungu, anakoroma. Ndani, bibi wawili wazee walikuwa wanataja majina. Walitaja babu, walitaja wajomba. Mtoto kimya. Wakarudia tangu mwanzo. Kimya.

"Nipeni mimi," Rael akasema.

"Wamebaki akina nani wa kwenu ambao hatujawataja?" bibi mmoja akauliza.

"Yupo mmoja. Nilimbeba kwa mgongo huu huu."

Wakaguna. Akampokea mjukuu, akageuka upande wa mlango, na hapo nikamwona vizuri. Mkono uliingia ndani ya shuka, ukatoka na kikopo kipya cha bati. Akafungua kwa kidole gumba. Akainua macho, akaniona ninamwona. Tulitazamana, mimi na birika, yeye na kikopo.

"Pita," akasema.

Mtoto akapiga chafya. Wale bibi wakapiga vigelegele, Jeruto akalia na kucheka, na Pingi akaamka akabweka mara moja.

"Umesikia, Khisa?" Rael akaniuliza.

"Nimesikia, Mama Jeruto," nikasema. "Ameitika."