Mgomba wa Kitovu Changu

Nilipokuwa mtoto wa kubebeshwa kidumu cha maji, kule Dindira, nilikuwa na mgomba wangu. Kitovu changu kilipokatika, bibi mzaa baba alikizika chini yake, na kwa imani ya kwetu mtu hawi mgeni mahali kitovu chake kilipozikwa. Kila asubuhi niliuamkia mgomba ule shikamoo, na baba alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Baba akafariki. Hata matanga hayajaisha, baba mdogo akamwambia mama kwamba shamba ni la ukoo, na mimi mtoto wa kike nitaolewa nikalime kwa watu. Mama alipiga magoti akiomba aachiwe walau kipande cha migomba. Wazee wa ukoo, waliokula kwake miaka yote, wakatazama chini. Kesho yake baba mdogo alikuja na panga, akaanza na mgomba wangu. Bibi alijikokota hadi pale, akakaa kwenye majani yaliyoanguka.

"Mwanangu, anayemnyima mtoto pa kusimama, naye atakosa pa kulala," alimwambia.

Baba mdogo alijibu kuwa hayo ni mambo ya kale, akaendelea kukata.

Tulihamia Mnyuzi, tukawa vibarua wa kulima mashamba ya watu. Mama alikuwa akilala na njaa huku ananiambia ameshiba. Baba mdogo aliliuza shamba lote, makaburi ya wazee yakiwamo, akafungua duka Kabuku. Duka likafa, naye akafuata.

Tulipopandisha jeneza Dindira, mwenye shamba alitukatalia kuchimba kaburi. Haki yake nampa, alikuwa ameuziwa ardhi, hakuuziwa maiti wetu. Tulikaa na jeneza barabarani mpaka jua likapinda, kisha tukamzika kwenye makaburi ya kijiji, mbali na baba yake. Watu wakanong'ona kwamba maneno ya bibi yametimia. Mama peke yake ndiye aliyelia kwa uchungu, na siku ile nilimkasirikia.

Sasa namwelewa. Kama ile ilikuwa laana, haikuchagua, ilitukumba sote. Nimejifungua juzi juzi, na kitovu cha mwanangu kimekatika. Mama amekifunga kwenye kitambaa, na kila jioni ananiuliza tukizike wapi. Nyumba ni ya kupanga, na uani pamesakafiwa. Namwambia tusubiri kidogo, naye anakirudisha chini ya mto wake.