Uzi wa Kijivu Ulioishia Getini

Mama yangu alipotuambia kwamba anataka kuolewa na mfugaji wa samaki wa Sagana, kaka yangu aliuliza neno moja tu: "Samaki?"

Hakuuliza mtu mwenyewe ni nani, ana watoto wangapi au anasali kanisa gani. Sisi ni watu wa juu ya mji wa Nyeri, kwenye ukungu, tumekuzwa kwa viazi, maharagwe na mbuzi wa sherehe. Samaki kwetu ni kiumbe wa kutiliwa shaka. Hafungi macho, na ukimpika majirani wote wanajua. Kaka alisimama katikati ya sebule, akashika kiuno, akasema, "Tutaongea." Yeye alipewa jina la babu yetu mzaa mama, kwa hivyo kwa desturi yetu mama humwita Baba, na hicho cheo kimempanda kichwani tangu akiwa na kamasi. Katika familia yetu "tutaongea" ni hapana, ila ni hapana ya kukawia.

Mama alikuwa mjane wa miaka mingi, na alikuwa amesema wazi kwamba hataondoka kama mtoro. Alitaka sisi watoto wake wawili tukubali, ndipo yule mtu aje na wazee wake. Kaka alikuwa ameshasema lake. Mimi sikusema kitu. Sikutaka aende, huo ndio ukweli. Niliogopa siku nitakayotoka Nairobi na begi langu nikute mlango una kufuli. Lakini hata hilo sikulisema. Nilisema niko na kazi.

Na kazi nilikuwa nayo, tena ya kunitoa jasho. Nilikuwa nimerudi kwa mama kuandika mswada wa filamu yangu ya kwanza, na mtayarishaji wangu, mwanamke wa Nairobi mwenye sauti ya mwalimu wa zamu, alikataa kusoma hata ukurasa mmoja kabla hajaona ramani ya safari za wahusika. "Nionyeshe kila mtu anatoka wapi, anafika wapi, na nini kinamsukuma," aliniambia kwa simu. "Asiyetembea, mtoe." Nikamwambia sawa, nikakata simu, nikamsema vibaya peke yangu jikoni kwa muda mrefu.

Bahati nzuri nyumba ya mama haikosi uzi. Yeye hufuma sweta za shule kwa mashine iliyo pale pale sebuleni, kisha huziuza soko la Karatina. Ukikaa kwenye kochi unainuka na rangi za shule fulani matakoni. Nikachukua uzi wa buluu, wa kijani na wa kijivu, nikachukua na pini zake, nikageuza ukuta wote wa sebule kuwa filamu. Mlangoni ndipo hadithi ilipoanzia na dirishani ndipo ilipoishia. Kila tukio niliandika kwenye karatasi ndogo nikaibandika. Mhusika akifanikiwa uzi wake unapanda, akiharibikiwa unashuka. Ndugu mkubwa, wa buluu, anakwenda Nairobi, anatajirika, anaanguka. Ndugu mdogo, wa kijani, anabaki kijijini Kangari akiiba majani chai usiku kwenye kituo cha kupimia. Mama yao ndiye wa kijivu. Uzi wa mama ulianza kwenye karatasi ya jikoni ukaishia kwenye ya getini. Ulikuwa mfupi, wa kufungia fungu moja la sukuma wiki.

Nilisimama nyuma nikajiona fundi. Haki, niliona ni kitu kizuri.

Wa kwanza kuusoma ukuta alikuwa tata, yaani mama mdogo, ndugu yake mama, ambaye hupita kwetu kila siku kuomba chumvi na kuacha habari. Alivaa miwani, akafuata uzi wa kijani kwa kidole hadi Kangari, akashika kifua.

"Ngai! Huyu kijana anaiba majani chai?"

"Ni hadithi, tata."

"Najua ni hadithi. Lakini anaiba?"

"Anaiba."

"Na mama yake anajua?"

"Bado. Atajua pale karibu na kabati."

Alitikisa kichwa, akaondoka bila chumvi. Siku chache baadaye alirudi akanijulisha kwamba kijana wa Kangari ameombewa kwenye ushirika wa akina mama, na kwamba mama mmoja amejitolea kumtafutia kazi ya halali kwenye kinu cha mahindi. Nikamwambia kijana mwenyewe hayupo. Akasema hata wale wasiokuwepo wanahitaji maombi, tena zaidi.

Mama aliendelea kufuma. Alikaa chini ya ukuta, mashine yake ikienda kra-kra-kra, akiinua macho mara moja moja. Kisha akauliza, kama mtu anayeuliza bei ya vitunguu:

"Na huyu wa kijivu anaenda wapi?"

"Haendi mahali, Mami. Yeye ndiye wanayerudi kwake."

"Aaa." Akafuma mstari mzima. "Kumbe ni steji ya matatu."

Nilikasirika. Mimi hasira zangu ziko karibu, hazihitaji kutumiwa nauli. Nikamweleza kwa maneno marefu kwamba mama katika hadithi ni nguzo, ni moto wa nyumba, kwamba hao vijana wakikosa pa kurudi hakuna filamu. Alinisikiliza mpaka mwisho. "Sawa," akasema. "Ni steji iliyo na jiko."

Asubuhi iliyofuata niliamka nikakuta uzi wa kijivu umetoka getini. Umepita barabarani, umepanda hadi juu ya kabati, pini imepigwa, na karatasi imeandikwa kwa mwandiko wa mama: *Karatina*. Nikaurudisha jikoni. Kesho yake ulikuwa Karatina tena, na sasa ulikuwa umeanza kuteremka kuelekea dirishani. Nikaurudisha. Siku iliyofuata ulikuwa umefika Sagana, umezungushwa kwenye komeo la dirisha na kufungwa fundo la wafumaji, lile ambalo hata meno hayalifungui.

"Mami, umeharibu filamu."

"Mimi? Mimi nilikuwa nalala."

"Nani amefunga hapa?"

"Labda ni huyo kijana wa Kangari. Si ni mwizi?"

Tata, aliyekuwa mlangoni na kikombe chake kitupu cha chumvi, alicheka mpaka akakaa chini. Mimi sikucheka. Nilijua mama anasema nini, na mama alijua kwamba najua. Tulikuwa tumebaki kumgombania mwanamke wa uzi kwa sababu hakuna aliyetaka kuanza kumtaja mwanamke wa kweli.

Siku hiyo hiyo mtayarishaji akapiga simu, akasema kama hapokei ramani atatafuta mwandishi mwingine. Nikaupiga ukuta picha ulivyokuwa, na lile fundo la dirishani likiwemo, nikamtumia. Alinipigia nikiwa sijaweka simu mezani.

"Hao vijana wawili nimewaona mara nyingi hata nimechoka nao," alisema. "Lakini huyu mama! Mama anayetoka getini akaenda Sagana! Anafuata nini?"

"Ni samaki," nikasema kwa hasira.

"Samaki! Nzuri sana. Lakini samaki si sababu. Anataka nini huyo mama? Mwulize, kisha uniambie."

Alikuwa na maana nikae nifikirie. Lakini mimi nilikuwa na mama wa kuulizwa pale pale, anafuma mkono wa sweta. Nikavuta stuli. Nikamwuliza mwanamke wa uzi wa kijivu anataka nini. Niliuliza hivyo hivyo, kwa woga, kama mtu anayeuliza habari za jirani.

Mama alisimamisha mashine.

"Anataka nguo zikauke," akasema.

"Nguo?"

"Huku juu akifua Jumatatu, ukungu unashuka, anavaa unyevu mpaka Ijumaa. Sagana unaanika, unageuka, zimekauka. Anataka kuvaa viatu vya wazi. Ana vidole vizuri, hakuna mtu amewahi kuviona." Akafikiri kidogo. "Na huyo mzee anamchekesha. Alikuja Karatina kununua sweta ya mjukuu. Akarudi wiki nyingine, sweta ya mjukuu. Sasa huyo mjukuu ako na sweta za shule ambazo hajawahi kufika hata langoni. Na Sagana hakuna baridi!"

Alicheka hadi akafuta macho kwa ule mkono wa sweta. Sikuwa nimemsikia akicheka hivyo tangu nikiwa shule. Niliona wivu, nakiri, wivu wa kitoto kabisa, kwamba kuna mtu Sagana anayeweza kumfanya hivi na sweta tu. Nikaandika karatasi mpya, *nguo zikauke*, nikaibandika karibu na komeo. Kwa upande wangu nilikuwa nimekubali, na mama aliona. Hakusema asante. Alisema, "Sasa bado Baba."

Baba, yaani kaka yangu, alikuja Jumapili baada ya kanisa, na suti yake. Tata pia alikuwepo, maana siku kama hiyo hawezi kukosa. Mama alikuwa ametupikia mukimo, na kwa kutaka kumzoeza mwanawe taratibu, alikuwa amekaanga samaki wa Sagana, akawanyofoa, akawaponda humo humo pamoja na viazi, mahindi na majani ya malenge. "Nimewaondoa macho," alininong'oneza jikoni. "Hatajua."

Kaka hakutazama chakula. Alitazama ukuta. Nikamweleza ni kazi yangu. Akaanza kufuata uzi wa kijivu, mikono nyuma, kama afisa anayekagua gwaride, na alipofika dirishani akageuka.

"Huyu mama hawezi kuenda."

"Kwa nini hawezi?" mama akauliza, akigawa mukimo.

"Watoto watakula Krismasi wapi?"

"Watoto wako na ndevu," mama akasema. "Mmoja. Mwingine ako na laptopu."

"Na shamba? Na ng'ombe? Na kama huyo mzee wa dirishani ni mtu mbaya, anafuata shamba lake?"

"Huyo mzee ako na mabwawa manne," tata akaingilia, kijiko hewani. Wote tukamgeukia. "Si nasoma tu ukuta," akasema, ingawa ukutani hakukuwa na bwawa hata moja.

"Watu watasemaje?" kaka akapaza sauti. "Ati mama ya mtu mzima anaolewa! Na mtu wa samaki! Mimi siwezi kuruhusu huyu mama wa... wa hii sinema..." Na kwa kuwa alitaka kupumzika kabla ya kuendelea, akarudi mezani, akajaza kijiko, akatia mdomoni, akameza.

Macho yakamtoka. Akashika koo. Akawa mwekundu, kisha akawa rangi ambayo hatuna uzi wake nyumbani.

"Amesakamwa!" tata akapiga kelele. "Ni mwiba! Kuna nini kwa hiyo mukimo?"

"Ni samaki kidogo tu!" mama akalia.

Tata alimpiga kaka mgongoni kwa kiganja, kisha kwa Biblia. Mimi nilikimbia kuleta maji, nikarudi na mafuta ya kupikia. Kaka alikuwa anaelekeza kidole kooni, kisha ukutani, kisha kwa mama, akilaumu wote kwa zamu. Mama akapiga simu Sagana, akaweka spika, akailaza mezani kati ya sahani.

"Mwiba umemkwama mtoto!" akasema. "Nifanye nini?"

"Anapumua?" Ilikuwa sauti ya mzee, nzito, bila haraka.

"Anapumua. Anatoa machozi."

"Basi ni mdogo. Mpe ndizi, ameze vipande vikubwa, asitafune sana. Na umwambie asiogope."

Tata alikimbilia ndizi. Kaka akameza kipande, akakunja uso, akameza kingine, akatulia. Akagusa koo. Mwiba ulikuwa umekwenda. Tukakaa wote, tunahema, suti ya kaka ikiwa na mafuta ya kupikia begani.

"Umetoka," mama akaiambia simu.

"Mungu ni mwema," ile sauti ikasema. Kisha ikauliza, kwa upole, kama kitu cha kila siku: "Na wewe? Umekula?"

Mama aliitazama meza. Alikuwa amesimama, mwiko mkononi. Sahani zetu tatu zilikuwa mezani zimejaa, ya tata imerudiwa. Yake haikuwepo. Hata kiti hakikuwepo cha nne. Hatukuwa tumewahi kukihitaji, kwa sababu mama hula jikoni, baadaye, akisimama, na mimi kwa umri wangu wote sikuwa nimewahi kumwuliza kama amekula.

"Bado," akasema.

"Basi kaa ule kwanza. Tutaongea." Na simu ikakatika.

Nilimtazama kaka, naye akatazama sahani yake. Kisha akainuka, akaenda jikoni, tukasikia akigonga-gonga vyombo asivyojua vinakaa wapi. Alirudi na sahani na stuli. Akampakulia mama mukimo, akauchambua kwa uma, taratibu, akitafuta miiba, ulimi nje kama mtoto anayeandika. Akamsogezea.

"Huyo mtu," akasema kwa sauti iliyokwaruzwa, bila kumtazama, "anaweza kuja na wazee wake Jumamosi?"

Mama alikuwa amekaa, anakula. Hakumjibu mpaka alipomaliza.